Sindano Moja Haiotesji Mabawa

Mhusika anachomwa sindano jioni, alfajiri anaamka na macho ya paka na misuli iliyotuna. Riwaya za kisayansi zimejaa tukio hili, na kwa maoni yangu ndilo linalozidhoofisha. Mwandishi anayefuta ugumu wa kubadilisha mwili anafuta pia muda, maumivu na hatari, na hapo hadithi inabaki haina kitu cha kumshikilia msomaji.

Mwili wa mtu mzima una seli zaidi ya trilioni 30. CRISPR, mkasi wa jeni uliowapatia Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020, huongozwa na kipande cha RNA ambacho herufi zake 20 hivi hutafuta mahali pa kukata. Kukata si kazi ngumu, kazi ni kuufikisha mkasi wenyewe. AAV, kirusi kinachotumika sana kubeba jeni, hakipakii zaidi ya herufi 4,700 hivi za DNA, na jeni ya Cas9 iliyozoeleka, yaani protini inayokata ndani ya mkasi huo, peke yake hula kama 4,100. Isitoshe, kirusi kikishaingia, mwili hutengeneza kingamwili dhidi yake, hivyo dozi ya pili ya kirusi kilekile mara nyingi hugonga mwamba. Mhusika mwenye nafasi moja tu maishani, na dozi yake ikakosewa kipimo: hiyo tayari ni riwaya nzima, na imeachwa ilale.

Hata jeni zikifika kila seli, mabawa hayataota. Jeni zinazopanga viungo hufanya kazi hiyo kwenye kiinitete, na vichipukizi vya mikono hutokeza katika wiki ya nne. Kwa mtu mzima hata gegedu za ukuaji kwenye mifupa zimeshafunga. Mwandishi anabakiwa na njia mbili: aanzie kwenye kiinitete, au ashike kisu.

Kiinitete kina mtego wake. Mwaka 2018 He Jiankui alitangaza nchini China kuzaliwa kwa mapacha waliohaririwa CCR5, jeni ya protini ambayo VVU hutumia kama mlango wa kuingilia seli, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 3. Takwimu alizozionyesha mwenyewe zilikuwa na dalili za mozaiki, yaani seli za mtoto mmoja kubeba mabadiliko yanayotofautiana. Hutokea pale mkasi unapoendelea kukata baada ya seli ya kwanza kugawanyika. Kwa mtu wa namna hiyo, kipimo cha damu hakiwezi kukuhakikishia kilichomo kwenye ini au ubongo wake.

Kisu ndicho kinachonivutia zaidi, kwa sababu taratibu zake zinajulikana hatua kwa hatua. Mbinu ya kurefusha mifupa ilibuniwa na Gavriil Ilizarov huko Kurgan, Siberia, kuanzia miaka ya 1950. Muundi hukatwa kwa uangalifu ili utando unaoufunika na mishipa yake ya damu visiharibike. Pete za chuma huzungushwa mguuni, zikiushika mfupa kwa nyaya zinazopenya ngozi. Husubiriwa siku 5 hadi 7, kisha skrubu inayotenganisha pete huzungushwa mara 4 kwa siku, kila mara robo milimita. Ukiharakisha, pengo hujaa tishu laini isiyogeuka mfupa. Ukichelewa, mfupa huunga kabla ya wakati na lazima ukatwe upya. Matundu ya nyaya hupata maambukizi, neva huvutwa, na misuli ya nyuma ya mguu hukaza hadi kisigino kisifike chini. Sentimita 5 ni siku 50 za kuvuta, kisha miezi ya kungoja mfupa ukomae. Nipeni askari wa kubuni anayezungusha skrubu hiyo kila baada ya saa 6, nitamwamini kuliko mia wa sindano.

Vipandikizi vya kielektroniki navyo vina umri. Tishu ya kovu huzingira elektrodi na mawimbi hufifia. Tena kuna suala la mtengenezaji: kampuni ya Second Sight iliacha kutengeneza Argus II, kipandikizi cha retina, mwaka 2019, huku watu wakiwa bado nacho machoni. Riwaya za watu nusu mashine zina vita vya kutosha. Ni ngapi zenye hata sura moja kuhusu vipuri?