Kabla ya Kumwambia Mvuvi Apunguze Jazba

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ukikaa na watu mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, utakuta bado wamegawanyika: samaki waachwe wazaliane, au watoto wale nini miezi mitatu?

Mimi niko upande wa kufunga. Ila namna wenzangu wanavyoutetea upande huu inaniumiza. Neno lao la kwanza huwa "wavuvi hawana elimu". Mtu anayejua usiku upi wa giza dagaa watafuata taa, ukishamwita mjinga, takwimu zako atazisikia kama matusi.

Ningeanza na hoja yake, tena ile nzito. Anasema ziwa limebadilika lenyewe, si nyavu zake tu. Ni kweli: maji ya juu yamepata joto, hayachanganyiki na ya chini kama zamani, na virutubisho ambavyo ndivyo chanzo cha chakula cha samaki vinabaki kilindini. Nikishamkubalia hilo waziwazi, ndipo namwuliza: ziwa linalozalisha kidogo litahimili kuvuliwa vilevile? Dagaa huishi kama mwaka mmoja tu. Mvuvi atasema dagaa ukimwacha atakufa bure. Mimi nitasema kizazi kipya hakichelewi kuja, mradi wazazi wapate nafasi ya kutaga. Jambo ni lilelile, tumelishika kila mtu kwa upande wake, na hakuna aliyetukanwa.

Wapo wanaosema upole huu ni kupoteza muda: kokoro, wavu wa kukokota, linazoa vifaranga vya samaki huku sisi tunabembelezana. Hawajakosea kabisa, sheria haisubiri kila mtu aridhike. Lakini ziwa lina urefu wa kilometa zaidi ya 650, na doria haiwezi kulala kila ghuba. Asiyeshawishika mchana atavua usiku.

Kinachonisumbua zaidi ni adabu inayodaiwa upande mmoja. Kijana anasimama mkutanoni, sauti imempanda, anauliza mkopo wa injini ataulipaje chombo kikiwa nchi kavu. Anaambiwa apunguze jazba, mzee wa pembeni anamvuta shati akae, na swali linapotea. Kwa mwenye mshahara, kusema kwa upole si kazi. Basi heshima ya kwanza namdai yeye aliyeshika kipaza sauti: amjibu kijana kuhusu mkopo, hata kama jibu ni kwamba hakuna msaada, ndipo aendelee na habari ya samaki.