Jirani akigeuka msuluhishi

Februari 8, 2025, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wenzao wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walikutana Dar es Salaam kuizungumzia Kongo. Paul Kagame, Rais wa Rwanda, alikuwa ukumbini. Félix Tshisekedi, Rais wa Kongo, alikuwa kwenye skrini. Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, ilikuwa imeshaanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari. Tamko la pamoja likatoka: mapigano yakome mara moja, wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku 5, uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe, mchakato wa amani wa Luanda, chini ya Angola, na ule wa Nairobi, chini ya Jumuiya, iunganishwe. Wiki moja baadaye waasi walikuwa ndani ya Bukavu.

Tangu siku hiyo mjadala wa nani anafaa kusuluhisha haujakoma. Wapo wanaosema ugomvi wa ukoo humalizwa na ukoo, na kwamba kosa letu ni kuwaachia wageni. Wapo wanaosema jirani ambaye ng'ombe wake wamo ndani ya shamba linalogombewa hafai kukaa kwenye baraza la wazee. Kila upande una kesi yake ya kuonyesha, na kesi hizo zimetokea humu humu kwetu.

Nianze na ile inayowapa nguvu watetezi wa majirani: Burundi. Julai 1996 Pierre Buyoya alirudi madarakani kwa mapinduzi. Kabla mwezi haujaisha, nchi jirani zilikutana Arusha na kuiwekea Burundi vikwazo. Kwa nchi isiyo na bahari, inayopitisha mizigo yake Dar es Salaam na Kigoma, hilo lilikuwa pigo ambalo azimio la Umoja wa Mataifa kule New York lisingeweza kulifanya. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa mpatanishi tangu kabla ya mapinduzi, aliendelea na kazi hiyo, mazungumzo rasmi yakaanza Arusha Juni 1998, na alipofariki Oktoba 1999 nafasi yake ikachukuliwa na Nelson Mandela. Mkataba ulisainiwa Agosti 28, 2000.

Hapa watu hupenda kusimulia hadithi iliyonyooka, nayo haikunyooka hata kidogo. Serikali ya Buyoya ilimtuhumu Nyerere kuwa anapendelea upande mmoja. Vikwazo viliwaumiza wananchi wa kawaida huku magendo yakistawi, na viliondolewa Januari 1999 mkataba ukiwa bado haujapatikana. Makundi makubwa ya waasi, CNDD-FDD na FNL, hayakusaini Arusha. La kwanza lilikubali mwaka 2003 na la pili 2006. Pamoja na hayo, mkataba ule ulizaa katiba ya 2005 yenye mgawanyo wa madaraka kati ya Wahutu na Watutsi, na nafasi zisizopungua asilimia 30 kwa wanawake serikalini na bungeni.

Hiyo asilimia 30 ina historia inayostahili kukumbukwa. Wanawake wa Burundi walifika Arusha bila kiti mezani. Wajumbe wa vyama, karibu wote wanaume, waliona suala lao linaweza kusubiri. Julai 2000, wiki chache kabla ya kusaini, wanawake kutoka pande zote waliitisha mkutano wao, Wahutu na Watutsi pamoja, na kumkabidhi Mandela mapendekezo yao. Mengi yaliingia ndani ya mkataba. Wao wenyewe hawakuwa miongoni mwa waliosaini. Nikisikia mtu akisema usawa ni pambo la baada ya vita, huwa nakumbuka kwamba Arusha waliokuwa nje ya ukumbi ndio waliokuwa tayari kukaa pamoja kabla ya waliokuwa ndani.

Kwa nini majirani waliweza kule? Kwa maoni yangu kuna sababu mbili, na ya pili husahaulika. Walikuwa na kitu cha kumnyima Buyoya, yaani njia ya mizigo yake. Na hakuna hata mmoja kati ya waliosimamia mazungumzo aliyekuwa na jeshi lake ndani ya Burundi. Tanzania ilikuwa na maslahi, tena makubwa: Kigoma na Kagera zilikuwa zimejaa wakimbizi. Lakini maslahi ya mtu anayetaka vita viishe ili wageni wake warudi kwao yanatofautiana na maslahi ya mtu mwenye askari upande wa pili wa mpaka.

Sasa twende Kongo. Iliingia kwenye Jumuiya rasmi Julai 2022, huku M23 wakiwa wameshafufuka tangu mwishoni mwa 2021. Juni 2022 wakuu wa nchi walikuwa wameamua Nairobi kupeleka kikosi cha kikanda, na Novemba askari wa Kenya wakaanza kutua Goma. Wakafuata Warundi, Waganda na Wasudani Kusini. Kinshasa ilielewa kwamba kikosi kimekuja kupigana na waasi. Wenye kikosi walielewa kwamba wamekuja kushika maeneo waasi watakayoyaachia, ili siasa ipate nafasi. Tofauti hiyo haikuwahi kumalizwa, ilifunikwa tu.

Kuna video fupi iliyosambaa sana, ya Bujumbura, Februari 2023, pembeni mwa kikao cha wakuu wa nchi. Tshisekedi amesimama na Jenerali Jeff Nyagah, Mkenya aliyekuwa kamanda wa kikosi, anamwonya asiwapendelee M23, na kwamba wananchi wanaweza kuwageukia. Jenerali anasikiliza kwa adabu zote, kama kijana anayekaripiwa na mjomba harusini. Aprili Nyagah aliondoka akisema maisha yake yanatishiwa. Kongo ilikataa kuongeza muda, Desemba 2023 kikosi kikafunga virago, na kuanzia katikati ya mwezi huo huo wakaingia askari wa SADC: Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Nao muhula wao ulikatishwa Machi 2025, baada ya Goma kuanguka na Afrika Kusini kupokea majeneza.

Wakosoaji hapa hawahitaji kutunga chochote. Uganda ina askari wake Kongo tangu Novemba 2021 wakiwasaka ADF, waasi wenye asili ya Uganda. Burundi ina askari Kivu Kusini kwa makubaliano na Kinshasa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba maelfu ya askari wa Rwanda wako pamoja na M23. Kigali inakana, na inasema tatizo lake ni FDLR, kundi lenye mizizi kwa waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994. Hilo nalo halikutoka hewani, kwani wataalamu hao hao wameandika kuhusu ushirikiano wa jeshi la Kongo na FDLR. Kenya haina vita Kongo, ila benki zake mbili kubwa, Equity na KCB, zimenunua benki kubwa huko. Na Desemba 15, 2023 muungano wa kisiasa wa waasi, AFC, ulizinduliwa Nairobi, Kinshasa ikamwita balozi wake arudi nyumbani. Tanzania? Ukisimama barabara ya Tunduma ukahesabu malori yanayoelekea Lubumbashi utajua kwa nini Dar es Salaam hupima maneno yake.

Kwa hiyo nani humo ndani angekuwa mzee wa baraza?

Jibu la mwaka 2025 lilikuwa: yeyote asiyekuwa humo. Machi 18, siku ambayo serikali ya Kongo na M23 walitarajiwa kukaa Luanda, Kagame na Tshisekedi walionekana Doha wameketi na Amiri wa Qatar. Siku chache baadaye Angola ikajitoa kwenye usuluhishi. Juni 27 mawaziri wa mambo ya nje wakasaini mkataba Washington, na Desemba 4 marais wenyewe wakaenda huko huko kuutia nguvu. Kabla wino haujakauka M23 waliingia Uvira.

Nalitaja hilo la Uvira kwa sababu mjadala wetu una tabia ya kuona mgeni kama suluhisho mara tu jirani anaposhindwa. Mgeni ana fedha na vitisho vya kweli, na ndiyo maana wakubwa walipanda ndege kwenda kwake haraka kuliko walivyokuja kwetu. Lakini mgeni naye ana hesabu zake. Marekani haikuficha kwamba madini yamo kwenye mazungumzo. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, walisema wahenga, na angalau zimwi la Afrika Mashariki litakuwepo hapa hapa mwaka 2035, kamera zitakapokuwa zimehamia kwingine.

Mwaka 2013 ulitoa mfano wa njia ya kati ambao haukumbukwi inavyostahili. Februari nchi 11 zilisaini Addis Ababa mpango wa amani na ushirikiano, Machi Baraza la Usalama likaidhinisha brigedi maalumu ya askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ndani ya kikosi cha Umoja wa Mataifa, na wafadhili walikuwa wameshaibana Rwanda kwa kusitisha misaada. Kufikia Novemba M23 wa wakati ule walikuwa wamesalimu amri. Askari walitoka kanda hii, ila uhalali na shinikizo vilitoka nje yake. Kilichoharibika baadaye ni utekelezaji: waliokuwa waasi walikaa Uganda na Rwanda miaka mingi ahadi zikiwa makaratasi.

Turudi Arusha, makao makuu ya Jumuiya, kwa sababu naona kiini cha ugonjwa kiko kwenye kanuni nzuri. Mkataba wa Jumuiya unasema wakuu wa nchi wataamua kwa mwafaka, na kila nchi itachangia bajeti sawa. Kwa kanuni hiyo Burundi inalipa kama Kenya. Ni usawa uliotokana na uchungu: Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977, na sehemu ya chanzo ilikuwa malalamiko kwamba Kenya inavuna kuliko wenzake, pamoja na Nyerere kukataa kukaa meza moja na Idi Amin. Waliofufua Jumuiya mwaka 1999 hawakutaka mkubwa wala mdogo. Nawaelewa.

Ila usawa wa namna hiyo una matokeo mawili. Michango hailipwi kwa wakati na madeni yanalimbikizana, Bunge la Afrika Mashariki hufika mahali likakosa hela za vikao, na kwa miaka kadhaa imejadiliwa fomula ya asilimia 65 sawa kwa sawa na 35 kwa kuangalia uwezo wa nchi. Hilo ni la wahasibu, litapata dawa. La pili ni zito zaidi: anayetuhumiwa anakaa kwenye kikao kinachomjadili, na tamko halitoki mpaka naye aridhike nalo. Ndiyo maana matamko yetu husema "pande zote" mahali ambapo kila mtu ukumbini anajua ni upande gani.

Watetezi wa mwafaka watasema ukimtoa mtu ukumbini atatoka Jumuiya nzima. Ni hoja ya kweli, na 1977 inaiunga mkono. Lakini Tshisekedi hakuhitaji kutolewa ili asije: Januari 29, 2025 alikisusia kikao cha dharura cha Jumuiya kilichofanyika kwa mtandao, Goma ikiwa imetoka kuanguka. Mwafaka wa wasiohudhuria unamlinda nani?

Anayelipa gharama ya utata huu nimwonyeshe pale Petite Barrière, mpaka wa Goma na Gisenyi. Kwa miaka kila alfajiri wanawake wamekuwa wakivuka kwa miguu, wengi wakitokea upande wa Rwanda na karoti, vitunguu na maziwa vichwani, jioni wakirudi na chochote walichobadilishana. Ushirikiano wa Afrika Mashariki ulikuwa umeanza pale kabla wakuu hawajausaini, na kwa Kiswahili, bila mkalimani. Goma ilipoanguka benki zilifunga. Ukimaliza kuuza, hela unazipokea wapi, unazituma vipi, unakopa kwa nani? Hakuna aliyewaweka wanawake hao kwenye orodha ya wajumbe. Jopo la wasuluhishi watano lililoundwa Machi 2025 lilikuwa na wanawake wawili, Catherine Samba-Panza na Sahle-Work Zewde, waliowahi kuwa marais, na hiyo ni hatua. Mchuuzi wa mpakani bado yuko mbali na meza kama mwanamke wa Burundi wa mwaka 2000 alivyokuwa.

Msimamo wangu basi: majirani wabaki kwenye usuluhishi, lakini nchi yenye askari au washirika ndani ya mgogoro isiwe na sauti siku mgogoro huo unapoamuliwa. Itasikilizwa, itoke nje, waliobaki waamue. Husemwa kwamba hilo linahitaji kubadili Mkataba, na Mkataba haubadiliki mpaka nchi zote ziridhie, pamoja na zile zitakazobanwa. Sina hakika kikwazo ni kikubwa hivyo. Mwaka 2009 Mahakama ya Afrika Mashariki, ilipoombwa ushauri na Baraza la Mawaziri, ilisema kwamba mwafaka ndani ya vyombo vya Jumuiya haumaanishi lazima kila mmoja akubali. Ushauri huo upo kwenye makabati ya Arusha tangu wakati huo, na sijasikia kikao cha wakuu kilichothubutu kuutumia juu ya Kongo.