Gari Langu Halitoi Moshi

Nimeendesha magari miaka 22, na miaka yote hiyo nimeamini jambo moja: gari linalotoa moshi ni gonjwa. Imani hiyo ndiyo iliyoniulia injini inayoenea kiganjani.

Gari lenyewe ni la rimoti, lakini si yale ya betri. Hili lina injini ya kweli ya sentimita za ujazo 2.5, kabureta, ekzosi, na kamba ya kuvuta ili liwake, kama jenereta. Nilimnunulia mwanangu. Mwanangu ana miezi minane. Mama yake ameshauliza swali unalotaka kuuliza.

Siku ya kwanza nilitia petroli iliyochanganywa na oili, ile ya mashine ya kukatia majani. Nikavuta kamba mpaka bega likaomba radhi. Kumbe plagi ya injini hizi haina cheche. Ina kijiwaya cha platinamu. Unakipasha moto kwa betri ndogo, injini ikishika unaondoa betri, na methanoli, aina ya spiriti iliyomo kwenye mafuta yake, ndiyo inayokifanya kiendelee kuwaka. Petroli haina ujuzi huo. Tupite hapo haraka.

Dukani nilikuta chupa zimepangwa: asilimia 10, 16, 20, 25, 30. Hicho ni kiwango cha nitromethani, kemikali ya kuongeza nguvu, maana mafuta haya ni methanoli, nitromethani na oili, basi. Mimi wakati huo sikujua asilimia ya nini. Nilisimama mbele ya zile chupa kama mzazi mbele ya ubao wa matokeo. 16? Amefeli. 20? Arudie darasa. Nikachukua 30, huku nikisikitika kwamba hata aliyeongoza darasa kapata alama za aibu.

Halafu nikaona chupa yenye picha ya ndege. Nikawaza, ndege si ina nguvu kuliko gari? Muuzaji akaichukua mkononi mwangu taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akairudisha kwenye rafu. Akaniuliza, "Kitabu cha injini yako kinasema ngapi, bosi?"

"Kitabu nimekisoma," nikamjibu kwa sauti ya mwenye leseni. Kitabu kilikuwa bado kwenye nailoni yake.

Jioni nikalitoa gari uwanjani. Likawaka! Likatoa moshi mweupe mzito, na mafuta yakawa yanadondoka kwenye ekzosi. Moyo ukanishuka. Gari jipya, tayari linakula oili!

Hapo ndipo akatokea mtoto wa jirani, wa miaka 12, mwenye adabu mpaka inakera.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

"Gari zuri, mjomba. Ni jipya?"

"Jipya kabisa."

"Umeshaizoesha injini?"

"Kuizoesha? Hili ni gari, mwanangu, si punda."

Akanyamaza, kama mtoto aliyelelewa.

Nikashika bisibisi. Kwenye kabureta kuna skrubu ya mafuta: ukiikaza mafuta yanapungua, ukiilegeza yanaongezeka. Nikaikaza robo. Moshi ukapungua, mlio ukapanda. Nikakaza tena. Gari likawa linaruka kama limeona nyoka. Na huu ndio ukatili wa mambo haya: injini inayonyimwa mafuta hukimbia vizuri kuliko siku zote za maisha yake dakika chache kabla ya kufa. Sasa wewe unayeshika bisibisi utajuaje? Unaona tu unafaulu.

"Mjomba, samahani. Moshi umeisha."

"Umeona, eh? Uzoefu huo."

"Hebu tia tone la maji juu ya kichwa cha injini."

Maji sikuwa nayo, nikatema mate. Hayakuchemka. Yalitua, "tss", yakawa historia.

"Tone linatakiwa lichemke taratibu kwa sekunde kadhaa, mjomba. Likipotea hapo hapo, imepata moto sana."

Mtu mwenye akili angezima. Mimi nilikuwa na hadhira. Nikafinya rimoti mpaka mwisho, gari likapaza mlio mmoja mwembamba, likasema "kwii", kisha kimya. Likaserereka kwa nguvu lililokuwa nayo, likaja kusimama miguuni pa yule mtoto. Akachuchumaa, akavuta kamba. Haikusogea hata nukta.

"Pole, mjomba," akasema, na nadhani alimaanisha injini.

Ndipo nikafundishwa, nimekaa chini kwenye majani, na mtu ambaye sauti yake haijapasuka. Injini hii haina sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini ya gari kubwa. Oili yote inayoilainisha imo ndani ya mafuta. Ukiyapunguza mafuta, umepunguza oili vilevile. Moshi ule niliouchukia ndiyo oili ikitoka baada ya kazi yake. Nitromethani nayo inakuja na oksijeni yake, kwa hiyo kadiri asilimia inavyopanda injini inataka mafuta mengi zaidi, si machache. Kitabu (akakichana nailoni yeye mwenyewe, kwa heshima) kinasema asilimia 20. Mimi nilitia 30, ambapo ningetakiwa kulegeza skrubu, nikaikaza. Na injini mpya huzoeshwa kwanza: matangi kadhaa ya mwendo mdogo, mafuta mengi, moshi tele, pistoni na silinda zifahamiane.

"Na ile ya ndege, mjomba, kwa kawaida ina nitro kidogo na oili nyingi. Ungeitia isingekimbia."

"Nani kakwambia nilitaka ya ndege?"

"Muuzaji ni kaka yangu, mjomba."

Nikanunua pistoni na silinda mpya. Bei sitaitaja, mama mtoto anasoma. Nikachukua chupa ya 20, kifuniko nikakikaza kila nilipomimina, maana methanoli hunyonya unyevu wa hewani. Tangi la kwanza tukaliacha liungurume, gari limepandishwa juu ya tofali, matairi yanazunguka hewani. Moshi ukatanda kama kuna shughuli. Mtoto anatabasamu. Mimi najikaza.

Tangi la tatu, baba yake akachungulia juu ya ukuta.

"Jirani! Hilo gari lako linakula oili."

Sijui ilikuwaje. Mkono ukaenda wenyewe mpaka kwenye bisibisi.

"Mjomba," akasema yule mtoto, bila kugeuka. "Weka chini."