Gari likishajaa liondoke: ada ya kukalia chaja

Kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na gari la umeme linalotokea Dar es Salaam huingia Iringa likiwa limeshapanda Kitonga na betri imechoka. Kwenye barabara kama hii chaja ya kasi si maegesho. Ikikaliwa na gari lililokwisha kujaa, anayefika nyuma hana pa kukimbilia. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kila kituo cha kuchajia kitakachofunguliwa Iringa, Mafinga, Makambako au Mbeya kiwe na ada ya kukalia chaja tangu siku ya kwanza, kabla madereva hawajazoea kuchomeka na kutokomea.

Mtanzania akisikia habari za kukatwa anakumbuka tozo za miamala ya simu za 2021, na kinyongo hicho nakielewa. Lakini hapa anayechomoa plagi kwa wakati halipi hata senti. Kituo kinachoona ada hii ni chanzo cha mapato kimeshapotea njia.

Kiasi gani? Kianze na hasara halisi. Gari lenye betri ya uniti 60, kwenye chaja ya kilowati 60, likitoka asilimia 20 hadi 80 linachukua uniti 36. Betri haipokei nguvu yote mfululizo, basi weka dakika 45. Tuseme kituo kinabakiwa na shilingi 250 kwa kila uniti baada ya kulipia umeme: mteja mmoja ni shilingi 9,000. Gawanya kwa dakika 45, unapata shilingi 200 kwa dakika. Hapo ndipo pa kuanzia.

Tesla walianza utaratibu huu Desemba 2016 kwa senti 40 za dola kwa dakika. Baadaye Marekani wakafika senti 50 kituo kikiwa kimejaa nusu, na dola 1 kikijaa chote. Ukiondoa gari ndani ya dakika 5, husamehewa. Senti 50 kwetu ni zaidi ya shilingi elfu moja kila dakika, na bei hiyo tusiichukue. Tuchukue kanuni yake: kama kituo ni kitupu, usimtoze mtu. Gari lililojaa saa tano asubuhi huku plagi nyingine zote ziko wazi halijamzuia yeyote.

Dakika 5 nazo ni chache. Chukua Iringa. Barabara kuu inapita chini, Ipogolo, mji wenyewe uko juu mlimani. Dereva anayechomeka gari Ipogolo akapanda mjini kula anahitaji bajaji ya kumrudisha, na bajaji haiji kwa kuitiwa filimbi. Dakika 15 ni haki, mradi zihesabiwe tangu ujumbe wa simu ulipotumwa. Na uwe ujumbe mfupi wa kawaida, si wa ndani ya programu peke yake, maana bando likiisha hutauona. Utumwe mara mbili: betri ikifika asilimia 75, na chaji ikikoma. Dakika 15 zinaanza na huu wa pili.

Sasa penye ugomvi mkubwa. Kituo kinajuaje kwamba gari limemaliza? Chaja nyingi huwasiliana na kompyuta kuu kwa utaratibu uitwao OCPP, na ndani yake kuna hali mbili zinazofanana kwa jicho la mteja lakini ni tofauti kabisa: gari limeacha kupokea, au chaja imeacha kutoa. Ya kwanza ni ya dereva. Ya pili ni ya kituo: umeme umekatika, chaja imepata joto, au nguvu imegawiwa plagi ya jirani. Aliyepanga mfumo kwa uvivu huziweka zote kapu moja lenye jina "haichaji" na saa ya ada inaanza kukimbia. Mwenye gari anarudi anakuta betri iko asilimia 48 na deni juu yake. Umeme ukikatika halafu ukarudi, kuna chaja ambazo haziendelei zenyewe, zinasubiri mtu aanzishe upya. Ada hapo ni marufuku, na mwenye kituo anayenunua chaja aombe aonyeshwe hali hizi mbili kwenye skrini kabla hajatoa pesa.

Kinyume chake pia kipo. Gari likiwa asilimia 99 linaweza kunyonya kidogo kidogo likisawazisha seli, na mfumo ukaamini bado linachaji. Au abiria amekaa ndani amewasha hita. Julai Mbeya, au kule Makete, hilo ni la kutarajia, na hita peke yake hula kilowati moja mbili. Dawa ni kiwango: kwenye chaja ya kasi, nguvu ikishuka chini ya kilowati 3 kwa dakika 5 mfululizo, hesabu kwamba limemaliza.

Hata hivyo ada hii peke yake haitibu foleni. Juu ya asilimia 80 betri hupunguza mwendo, na asilimia 20 za mwisho zinaweza kula muda karibu sawa na zile 60 za kabla yake. Dereva huyo hajavunja sheria, bado anachaji, lakini plagi ameishika. Ningependa kituo chenye foleni kianze kutoza kwa dakika, pamoja na bei ya uniti, gari linapopita asilimia 80, na kiache hapo hapo foleni inapoisha. Asiachwe bila msamaha anayekwenda Songea kwa njia ya Njombe. Aseme mapema, mhudumu amwekee kikomo cha asilimia 95.

Halafu kukusanya. Sisi ni watu wa LUKU, tunalipa kabla. Kwenye simu huwezi kumkata mtu baadaye bila yeye kuweka namba ya siri, na aliyekwishaondoka hataiweka. Njia rahisi ni dhamana: shilingi 10,000 juu ya bei ya umeme, irudishwe papo hapo plagi ikichomolewa. Kiasi hicho hicho kiwe kikomo cha ada. Ikifika 10,000, saa isimame na mhudumu apige simu, kwa sababu dereva asiyerudi dakika 50 baada ya zile 15 huenda ana shida.

Plagi ikinasa, saa isimame pia. Kwenye CCS2, aina ya plagi ya kuchajia kwa kasi, kuna pini ya gari inayofunga plagi, na baadhi ya magari hayaiachii mpaka mwenyewe afungue mlango kwa ufunguo wake. Mhudumu asivute kwa nguvu. Pini ikivunjika, gari hilo huenda lisichaji kwa kasi tena hadi lifike kwa fundi. Magari mengi yana kamba ya dharura ya kuiachia plagi, kwenye buti au chini ya boneti.

Chaja za polepole za kilowati 7 kwenye nyumba za wageni, ziacheni. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi pasiwe na ada yoyote. Kumwamsha msafiri saa nane usiku akahamishe gari kwenye baridi ya Mafinga ni ukatili.

EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi. Hapa sioni haja ya kupanga bei, wasimamie risiti tu. Kila risiti ionyeshe saa chaji ilipoanza, saa ilipokoma na sababu yake, saa plagi ilipochomolewa, na plagi ngapi zilikuwa wazi wakati huo. Saa hizo zitoke kwenye chaja yenyewe, si kwenye kompyuta ya mbali: mtandao ukisuasua, taarifa ya kuchomoa inaweza kufika nusu saa baadaye, na nusu saa hiyo kwa shilingi 200 ni 6,000 za mtu asiyekuwepo.