Makofi ya uwanjani

Kijiweni Mwanjelwa, hapa Mbeya, muuza kahawa anapopanga vikombe, juzi ubishi ulikuwa huu: dikteta hukaa madarakani kwa bunduki au kwa kupendwa? Mzee mmoja aliyepigana Uganda mwaka 1979 alishikilia bunduki. Kijana wa bodaboda akamrudi: "Babu, mbona Amin alipopindua 1971 watu wa Kampala walimiminika barabarani kumshangilia?"

Kijana ana hoja. Julai 1932, Wajerumani zaidi ya milioni 5 wakiwa hawana kazi, chama cha Hitler kilizoa asilimia 37 ya kura. Ila Novemba zilishuka hadi 33. Aliyempa ukansela Januari 30, 1933 ni Rais Hindenburg, akishawishiwa na wanasiasa wakongwe waliodhani wangemwendesha. Jengo la bunge likaungua Februari 27, kesho yake uhuru wa kusema na kukusanyika ukafutwa, na Machi 23 wabunge wenyewe wakamruhusu atunge sheria bila wao. Hata miezi miwili haikuisha.

Kubaki ni habari nyingine, na hapo mzee anapata nguvu, japo si zote. Ujerumani Mashariki, nchi ya watu milioni 16, mwaka 1989 ilikuwa na watumishi wa Stasi, polisi wa siri, wapatao 91,000, mbali na wapasha habari wa siri zaidi ya 170,000: jirani, mfanyakazi mwenzako, hata mume. (Mjumbe wetu wa nyumba kumi, bingwa wa kesi za kuku kuvamia mchicha, hapo angekuwa mwanafunzi.) Kukamata watu ilikuwa sehemu tu ya kazi. Kubwa zaidi, naona mimi, ni kwamba kila aliyechoka alidhani amechoka peke yake, akaendelea kupiga makofi.

Bucharest, mji mkuu wa Romania, Desemba 21, 1989, makofi hayo yalikatika. Dikteta wa huko, Ceaușescu, akihutubia umati uliokusanywa kumsifu, zomeazomea ikaanza, akabaki anaita "Alo! Alo!" kama mtu aliyekatikiwa simu. Bunduki zilikuwepo, na usiku ule ziliua. Kesho yake jeshi likamgeuka, akatoroka kwa helikopta. Tarehe 25 alipigwa risasi.

Nikamuuliza mzee Kampala iliwapokeaje.

"Kwa vigelegele," akasema.

"Labda ni walewale," kijana akadakia.

Mzee hakubisha. Akaomba kikombe kingine.