Kujifungua Marekani ukiwa mweusi
Ndugu zangu wa Tanga hunitumia ujumbe: una bahati wewe, umezalia Marekani. Nawaelewa. Nyumbani mama huingia wodi ya wazazi na beseni lake, glavu, pamba na wembe, na damu ikihitajika usiku ndugu ndio wanaohangaika. Hapa Texas hayo sikuyaona, kila kifaa kipo. Lakini takwimu za serikali yao wenyewe za 2023 zinasema hivi: katika kila vizazi hai 100,000 vya wanawake weusi, walikufa kwa sababu za uzazi mama 50.3; kwa wazungu ni 14.5.

Wengine husema ni umaskini tu. Serena Williams, bingwa wa tenisi, si maskini. Mwaka 2017, baada ya kujifungua kwa upasuaji, pumzi zilimbana. Aliwahi kuganda damu mapafuni, akajua ni nini, akaomba picha ya CT, ile ya kuona ndani ya mwili, na dawa ya kuzuia damu kuganda. Nesi akadhani dawa za maumivu zimemchanganya. Alipopigwa picha hatimaye, mabonge ya damu yalikuwa mapafuni. Mwaka huohuo Shalon Irving, mtafiti wa afya wa CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, alirudi kwa wahudumu tena na tena na presha yake, akafariki wiki tatu baada ya kujifungua.

Mimi niliruhusiwa mapema, nikapangiwa daktari wiki ya sita. Kichwa kikaanza kupasuka, miguu ikavimba, nikawa naona vimulimuli. Nikapiga simu hospitali. Nikajibiwa kwamba ni uchovu wa kulea, nimeze dawa ya maumivu nilale. Mama, akiwa Tanga, ndiye aliyepiga kelele kwenye simu: "Kapime presha sasa hivi, hiyo ni kifafa cha mimba!" Mashine ya duka la dawa ikasoma 170 kwa 110. Hospitali nyingine ikanilaza.

Nyumbani kuna manesi wenye maneno makali, silifichi hilo, na linaniuma. Ila siku arobaini mzazi haachwi peke yake. Kuna shangazi wa kumtazama miguu na kumuuliza kichwa vipi. Huku Marekani zaidi ya nusu ya vifo vya uzazi hutokea baada ya wiki ya kwanza, mama akiwa kwake na mtoto.

Kwa hiyo, dada uliye huku na mimba: nunua kipimo cha presha, uende hospitali na mtu wa kukusemea, na wakikataa kukupima, sema waandike kwenye faili lako kwamba uliomba wakakataa.