Kazidisha, alafu tunazika

Teja, yaani mtumiaji wa unga (heroini), akifa mtaani kwetu jibu ni lilelile, "kazidisha" dozi, alafu tunaenda kuzika. Hamna anayeuliza kama jamaa alikua anataka kuamka kesho yake.

Mi nimeanza kuuliza baada ya binamu yangu. Miaka 9 kwenye unga, akapelekwa soba, nyumba ya kuwasaidia watu kuacha dawa, akakaa miezi 4 akarudi kanenepa, shangazi akachinja kuku, wote tukajua yameisha. Wiki ya tatu akajaribu kujiua, tukamuwahi. Alichoniambia hospitali sijakisahau: nilivyokua nabwia nilikua nawaza arosto tu, yale maumivu ya kukosa unga, nimeacha ndo naona niliyowafanyia, cherehani ya mama niliyouza, mtoto wangu ananikimbia.

Ndo maana naumia nikisikia mtu katoka soba kapona. Jamani kile ndo kipindi kibaya kabisa, mwili umeshapoteza mazoea kwa hiyo kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua, kichwani aibu imejaa, na maskani wenzake wako palepale wanamsubiri. Tafiti zimeonyesha wenye uraibu wa heroini na dawa za jamii yake wanakufa kwa kujiua zaidi ya mara 10 kuliko watu wengine, sasa hizo "kazidisha" zetu ngapi hazikua bahati mbaya?

Binamu alirudia unga, saa hizi yuko methadoni, dawa ya hospitali anayokunywa badala ya unga. Inasaidia sana, Muhimbili walianza kuitoa 2011 na nawajua watu wamerudi kazini kwa ajili yake. Ila akishakunywa dozi anarudi nyumbani kulekule ambako akiingia tu watu wanaficha simu.

Alafu sheria. Tanzania kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai, ndo maana siku ile hospitali tulidanganya, tukasema kaanguka, wakamtibu majeraha tukaondoka naye bila kuonana na daktari wa akili hata mmoja. Kenya Mahakama Kuu Januari 2025 ilishasema kifungu chao cha hivyo kinapingana na katiba, sisi tunangoja nini?

Watu wananiambia ukimuuliza mtu habari za kujiua unampa wazo. Sio kweli, kama wazo lipo basi analo tayari. Mi namuuliza binamu kila Ijumaa tukitoka msikitini, wazi kabisa, unawaza kufa? Mara nyingi anasema hapana. Ijumaa iliyopita kasema ndio, tukakaa barazani mpaka usiku wa manane, asubuhi tukaenda wote kwa daktari na safari hii tukasema ukweli.